Msiwaambie Vijana wa Tabora Wasubiri Lenzi ya Milioni Tano

"Dogo, hiyo ya plastiki iache. Bora ukae bila kitu kuliko kununua takataka. Jipange, ununue sabini-mia-mbili ya maana, utulie."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mjini Tabora, mbele ya kabati la kioo la muuza vifaa vya picha. Aliyekuwa akiambiwa ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Mkononi alikuwa na Canon ya mtumba yenye lenzi ile fupi iliyokuja nayo, na mfukoni bahasha ya fedha alizozikusanya kwa kupiga picha za mahafali na kipaimara. Aliyekuwa akisema ni mpigapicha mwenzangu, mkongwe wa kazi, mtu ninayemheshimu. Kijana aliitikia, "Sawa kaka," akaisukuma bahasha ndani zaidi ya mfuko, akaondoka. Huu ni mwaka wa pili, na bado anajipanga.

Nisingeshika kalamu kama lingekuwa neno la mtu mmoja. Lakini ushauri huu nimeukuta kwenye harusi, pembeni ya uwanja wa mpira na kwenye vikundi vya wapigapicha, kila mtu akiutoa kama sheria isiyohitaji maelezo. Ni ushauri mbaya, na huku kwetu magharibi unaumiza kuliko kwingine kokote nchini.

Niuweke kwanza kama wenyewe wanavyouweka, bila kuupindisha. Wanasema lenzi ya kuvuta ya kazi ni 70-200 yenye tundu la f/2.8 ambalo halibadiliki, uvute usivute. Inaingiza mwanga mwingi, inakamata fokasi upesi, vioo vyake ni safi, umbo lake ni gumu na limezibwa vumbi na mvua lisiingie. Utakaa nayo miaka kumi na tano, na siku ukichoka utapata mnunuzi. Lenzi za bei nafuu, 55-250 na 70-300, zina tundu linalofinyika kadiri unavyovuta, picha zake zimelegea pembezoni, na gizani fokasi inahangaika mbele na nyuma bila kushika. Kwa hiyo, wanasema, rahisi ni ghali: atakayenunua ya bei ndogo leo atanunua tena kesho. Mwenye akili asubiri.

Sina ugomvi na sifa hata moja kati ya hizo. Lenzi hiyo nimeitumia, ni chombo kizuri. Ugomvi wangu uko kwenye neno la mwisho, asubiri.

Kwanza, mwanga

Nianze hapa kwa sababu hoja yao yote imesimama juu ya mwanga. Tundu la f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Hesabu hiyo haina ubishi. La kujiuliza ni kama mwanga umekupungukia.

Tangu enzi za filamu wapigapicha wana kanuni moja: jua likiwa wazi, weka tundu f/16 na kasi ya shata ifuate namba ya ISO. Kwa ISO 100, kasi ni sehemu ya 100 ya sekunde. Sasa fungua tundu hadi f/5.6, ambalo lenzi ya bei nafuu inalo hata ukiivuta mpaka mwisho. Kwa jua lilelile unapata sehemu ya 800 ya sekunde. Panda hadi ISO 400, ambayo kamera ya miaka kumi iliyopita inaimudu bila chenga za kusumbua, unapata sehemu ya 3,200. Mchezaji anayeruka kupiga kichwa pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi anaganda angani kwa sehemu ya 1,000. Kijana mwenye lenzi ya plastiki ana kasi mara tatu ya anayoihitaji.

Halafu jua la Tabora lina mambo yake. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45, ambayo iko mashariki ya nchi nzima, nasi tuko karibu na digrii 33. Ndiyo maana huku jua linafika utosini karibu saa saba mchana, na linazama karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam kuingia giza. Mechi ikianza saa kumi jioni, filimbi ya mwisho inalia jua likiwa bado na takriban saa nzima mbele yake. Mwanga wa wakati huo umepungua, ndiyo, ila unapanda ISO 800 na unaendelea na kazi. Tangu mji wetu upate tena timu ya Ligi Kuu mwaka 2023, nimekaa pembeni ya uwanja ule mara nyingi na lenzi ya f/5.6, na picha nilizozikosa nilizikosa kwa kuchelewa mimi, tundu halikuhusika.

Na kuanzia Mei hadi Oktoba, kiangazi kikikaza, taabu yetu mchana ni mwanga kuzidi. Juu ya ardhi tupu yanacheza mazigazi. Mtu aliye mita 200 anayeyuka sura mbele ya macho yako, na hapo hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokusaidia. Dawa ni kuamka mapema au kusogea karibu. Mbona hili wazee wetu wa kazi hawalitaji wanapotoa ushauri wa kununua?

Pili, mvuto wenyewe

Lenzi ya kuvuta tunainunua ili ivute. Sasa hii wanayoiita ya watu wazima inaishia milimita 200. Ile wanayoiita ya watoto inaishia 250, nyingine 300. Kwenye Canon za sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa vijana, unazidisha kwa 1.6: ile 200 inaona kama 320, ile 250 inaona kama 400. Kijana anaambiwa alipe mara sita, na bado asifike alipofika mwenye lenzi ya bei nafuu.

Hili si jambo la kubishania mezani. Ukienda Bwawa la Igombe, nje kidogo ya mji, ndege hawakusogelei kwa sababu umelipa zaidi. Ukibahatika kufika ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, korongo-nyangumi anasimama katikati ya mafunjo mbali kabisa na mtumbwi, na hiyo 200 yako itakurudishia nukta ya kijivu. Anayetaka ndege kweli atafute 150-600 za Tamron au Sigma, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2013. Ile nyepesi ya Sigma ilipotoka mwaka 2015 bei yake ilikuwa takriban nusu ya 70-200 ya f/2.8. Ila ajue anabeba karibu kilo mbili.

Watasema: na ule ukungu mzuri nyuma ya sura je, ule unaomfanya bibi harusi aonekane ametengwa na dunia? Hapa pia hesabu inawakana. Ukungu wa kitu kilicho mbali nyuma, kwa sura ya ukubwa uleule kwenye picha, unategemea upana halisi wa tundu, nao unaupata kwa kugawa milimita za lenzi kwa namba ya f. Lenzi ya 250 kwa f/5.6 ina tundu la karibu milimita 45. Lenzi ya 85 kwa f/1.8, inayosifiwa na kila mpigapicha wa sura, ina 47. Karibu sawa. Hiyo 70-200 kwa mvuto wa mwisho ina 71, inashinda, sikatai. Lakini kumwambia kijana kwamba lenzi nafuu "haina ukungu" ni kumwambia jambo lisilo kweli.

Kuhusu kulegea pembezoni, nitasema machache. Funga tundu hadi f/8, lenzi nyingi za bei nafuu zinakaza papo hapo, na jua letu linaruhusu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya nukta 6,000 kwa 4,000. Picha ya ukubwa wa 8 kwa 10 ambayo mteja anaiweka ukutani inahitaji nukta 3,000 kwa 2,400 ikichapwa vizuri. Ile anayoituma kwenye simu inahitaji pungufu ya hapo. Sijawahi kumwona mteja wa Tabora akirudisha picha kwa sababu ya kona.

Tatu, mzigo

Mji huu uliinuka kwa mizigo. Kabla haujaitwa Tabora, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, na karibu kila kitu kilichofika hapo kutoka Bagamoyo kilifika juu ya bega la mtu. Frasila moja ni karibu kilo 16, na mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba karibu mbili kwa miezi ya kutembea. Watu wale walikuwa mafundi wa safari. Walijua kila ratili inakwenda kufanya nini, na kisichokuwa na kazi kiliachwa njiani.

Kuna kisa cha kamera katika njia hiyo, nami nashangaa hakifundishwi kwa wapigapicha wetu. Mwaka 1860 mpelelezi John Hanning Speke alitoka Zanzibar kuelekea bara pamoja na James Augustus Grant, na Grant alikuwa na kamera. Zanzibar alipiga picha. Bara ilikuwa habari nyingine: wakati ule sahani ya kioo ilipakwa dawa na kusafishwa ndani ya hema dogo la giza, na joto ndani ya hema lile halikuvumilika. Kabla hawajafika Kazeh, Speke aliirudisha kamera pwani, kwa kuhofia kwamba kazi ile ingemuua mwenzake. Grant akaendelea na penseli na rangi za maji. Michoro yake ndiyo iliyofika Unyanyembe na kupita, ndiyo iliyorudi na sura za watu, nyumba na mimea ya njia nzima. Chombo bora zaidi cha wakati ule hakikuleta kitu kutoka bara, kwa sababu hakikufika.

Leo hatutembei miezi, lakini mzigo bado ni mzigo. Ile 70-200 ya Canon ya f/2.8, toleo la tatu, ina uzito wa gramu 1,480. Ile 55-250 STM ina gramu 375. Weka ya kwanza kwenye begi mgongoni, panda bodaboda kwenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, au endelea mpaka Ulyankulu kwenye barabara ya vumbi na makorongo, kisha simama masaa mawili pembeni ya ngoma umeinua mikono. Ya pili inakaa mfuko wa koti.

Nitoe mfano ninaoukumbuka vizuri. Ilikuwa ngoma ya bayeye, wacheza na nyoka, mchana wa Agosti. Watu walikuwa wamezunguka uwanja, watoto mbele, na mchezaji alikuwa na chatu shingoni. Sikutaka kusogea, kwa nyoka na kwa heshima pia, maana mpigapicha anayeingia katikati ya duara anaiharibu ngoma. Nikakaa nyuma ya akina mama waliosimama, nikainua lenzi yangu ndogo juu ya bega la mmoja wao, nikavuta mpaka 250. Kwenye kioo nikaona jasho likishuka kutoka kwenye kilemba, vumbi limeganda kwenye ndevu, na jicho la chatu likiwa na doa moja jeupe la jua. Sehemu ya 1,250 ya sekunde, f/5.6, ISO 200. Mama yule aliponigeukia alisema tu, "Baba, nisogee?" Nikamwambia, "Hapana mama, hapo hapo pazuri." Hakuna aliyeniuliza natoka shirika gani. Mara nyingine nilipokwenda na lenzi nyeupe ya kuazima, nusu ya wachezaji waligeuka kunitazama mimi, na mzee mmoja akataka kujua nitailipa ngoma kiasi gani. Hakukosea kuuliza. Chombo changu ndicho kilichomwambia kwamba nina fedha.

Nne, bei isiyoandikwa kwenye boksi

Toleo la tatu la hiyo lenzi ya Canon lilitoka mwaka 2018 kwa dola 2,099. Ile 55-250 STM ilitoka mwaka 2013 kwa dola 349, na mtumba wake leo ni pungufu zaidi. Kwa dola moja shilingi 2,500, ya kwanza ni shilingi milioni 5.2 na ushee, ya pili haifiki laki tisa. Hapo hujaongeza kodi, na VAT peke yake ni asilimia 18. Kisha kichujio cha milimita 77 badala ya 58, stendi inayoweza kubeba uzito, begi jingine, na hofu ya kuibiwa kila unaposhuka kwenye basi usiku.

Kijana anayepata laki moja au mbili kwa shughuli anazitoa wapi milioni tano? Washauri hawasemi. Nami nimeona wanakozitoa. Wengine wamekwenda kwenye mikopo ya kausha damu, wakarejesha kila wiki mpaka wakauza kamera yenyewe ili kumalizia deni la lenzi. Namjua mmoja aliyebaki na lenzi bila bodi ya kuifungia. Aliniambia jambo hilo ameinama, nami sikuwa na neno la kumwambia, maana niliwahi kukaa kimya wenzangu walipokuwa wakimshauri.

Wengi wao, hata hivyo, hawakopi. Wanasubiri, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, ingawa haina risiti. Mji wenyewe hausubiri. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Sasa reli ya kisasa inajengwa pembeni yake kutoka Makutupora hadi hapa na kuendelea Isaka na Kigoma, na maisha yaliyozoeleka kwenye stesheni ya zamani, wauza asali na maembe wakikimbilia madirisha ya behewa, hayatakaa kama yalivyo. Wazee wanaojua ngoma za zamani wanapungua. Miembe mikubwa ya njia ya misafara inaanguka mmoja mmoja. Njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, kuanzia Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara na Ujiji. Picha zake za zamani karibu zote zilipigwa na wageni: wapelelezi, wamisionari, askari wa Kijerumani. Tuna kizazi cha vijana wa hapa wenye kamera zao wenyewe, wanaozijua lugha na njia na majina ya watu, nasi tunawaambia wakae miaka mitano bila lenzi.

Tano, pale walipo na haki

Usiku. Hapo siwabishii. Ukumbini, kwenye sendofu yenye taa za zambarau, lenzi ya f/5.6 inakufa. Na asitokee mtu akakuambia kituliza mtikisiko kitakuokoa: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Ukiwa na kasi ya sehemu ya 30, ukuta utakuwa mkali na bibi harusi atakuwa ukungu.

Lakini hebu tuangalie kazi hiyo inavyofanyika. Ukumbini unatembea. MC anakuita mbele, unasimama hatua tatu kutoka kwenye keki. Nani alikuambia unahitaji milimita 200? Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga mara mbili na nusu hivi ya f/2.8, na ile ya Canon ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa chini ya dola 150. Lenzi mbili, 55-250 kwa mchana na 50 kwa usiku, hazifiki robo ya bei ya ile moja, na kwa pamoja zinafanya kazi nyingi kuliko hiyo. Mwenye kupiga mechi za usiku kwa ajili ya gazeti, au matukio makubwa ya serikali ambako husogei ulipowekwa, anunue f/2.8, kazi yenyewe itailipa. Kwa wengine, siku ya shughuli moja ya namna hiyo wakodi au waazime.

Sita, ukimya unaowaponza

Kuna mgongano katika msimamo wao ambao unaniudhi kuliko mengine yote. Wanasema lenzi za bei nafuu zote ni takataka, kisha hawafundishi tofauti zake, maana takataka haina daraja. Kijana anaona aibu kuuliza, anakwenda kununua kimyakimya, na kwa kukosa wa kumwongoza anachagua ile mbaya. Baadaye anaonyeshwa kidole: si tulikuambia? Lakini hamkumwambia kitu cha kumsaidia. Nami nasema sasa.

Usifuate namba kubwa. Canon wana 75-300 ya zamani inayouzwa sana pamoja na bodi za bei ndogo, na vijana wanaichukua kwa sababu 300 ni kubwa kuliko 250. Lenzi hiyo haina kituliza mtikisiko, na ikivutwa mwisho picha yake imelegea. Hatua ya 250 hadi 300 ni ndogo, unaifidia kwa kukata picha kidogo. Chukua 55-250 yenye herufi IS, yaani kituliza, na ukiweza iwe STM.

Wa Nikon wawe makini zaidi. Kamera za jamii ya D3000 na D5000, kama D3100 na D5200, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukifunga lenzi ya zamani yenye herufi AF peke yake, utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Tafuta AF-S, yenye mota yake ndani ya lenzi, na iwe na VR, yaani kituliza. Zile mpya za AF-P ni nzuri na nyepesi, lakini kwenye bodi za zamani kama D90 na D5000 fokasi haifanyi kazi kabisa. Soma herufi zilizo kwenye pipa la lenzi kabla ya kusoma bei.

Anayeagiza mtumba kutoka Kariakoo uje na basi la usiku ananunua paka ndani ya gunia. Kama hana budi, aombe video ya lenzi ikimulikwa. Washa tochi ya simu, ipitishe kioo cha nyuma, uchungulie mbele: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na lenzi zilizokaa miaka kwenye unyevu wa pwani zinayo mara nyingi. Kuvu haitoki kwa kitambaa. Vumbi punje mbili tatu lisikutishe, halionekani kwenye picha. Ivute mpaka mwisho, igeuze ielekee chini. Ikijishukia yenyewe, imechoka. Washa kituliza, weka sikio: mvumo mwororo ni sawa, mgongano si sawa. Pete ya plastiki inayoshika kwenye kamera haina tatizo, yangu ina miaka minane. Ukifika nayo nyumbani, itunze kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, na usibadilishe lenzi vumbi likiwa linatimka.

Mwisho, jaribio ambalo muuzaji mkweli hatakukatalia. Simama mlangoni mwa duka, chagua bango lililo ng'ambo ya barabara, vuta mpaka mwisho, f/8, ISO 400. Piga tatu, kila mara ukiondoa fokasi na kuirudisha. Kisha kuza picha kwenye skrini ya kamera. Herufi ndogo za namba ya simu zikisomeka kwenye zote tatu, lipa, uende kazini jioni hiyohiyo.

Na wewe kijana wa bahasha, kama haya yamekufikia: niliiona bei kwenye kabati siku ile, na niliona ulichokuwa ukihesabu. Ilitosha.